Chumvi haipai na maji: namna ya kushika kiwango cha chumvi kwenye tangi la matumbawe ukiwa Mtwara au Lindi

Wakuu, naandika hii kwa yule ambaye ameshanunua kioo, ameshapanga mawe na taa, pengine ana nemo wawili na vipande kadhaa vya matumbawe laini, na kila kitu kikianza kwenda kombo anailaumu taa au chakula. Mi nipo Mtwara, tangi liko sebuleni, na vifo vingi nilivyoviona kwangu na kwa jamaa zangu wa hapa na wa Lindi vilitokana na chumvi. Ama ilipanda taratibu bila mtu kujua, ama ilishushwa kwa siku moja na mtu aliyekuwa na haraka ya kurekebisha. Hii ya pili inaua zaidi, tutafika huko.

Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 100. Kila siku maji yanashuka kidogo, na mimi jioni nabeba dumu nashuka Shangani nachota maji ya bahari, narudi namwagia mpaka kwenye mstari. Akili yangu iliniambia viumbe ni wa baharini na maji ni ya baharini, sasa tatizo litoke wapi. Baada ya wiki moja hivi konokono wakaanza kudondoka kwenye kioo, matumbawe yakajifunga hayafunguki hata taa ikiwaka mchana kutwa, nikabadilisha chakula, nikapunguza taa, nikabadilisha chujio, hakuna kilichosaidia.

Aliyenifungua macho hata hafugi samaki. Nilikuwa natoka msibani Lindi tukapita kwenye mashamba ya chumvi, gari likasimama nikashuka kunyoosha miguu, nikamkuta mzee anakokota chumvi pembeni. Nikamsalimia shikamoo babu, akaitikia marahaba mjukuu wangu, nikamuuliza babu hivi humu huwa mnaongeza nini mpaka maji yanageuka chumvi? Akaniambia, "Siongezi kitu. Bamvua ikija nafungulia maji yanaingia, nafunga. Jua linachukua maji yake, chumvi yangu linaniachia." Nikasimama pale nikaona sebule yangu mbele ya macho. Nilikuwa nimejenga shamba la chumvi ndani ya nyumba, na kila jioni nilikuwa nalifungulia maji mapya.

Tupige hesabu uone. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa kila kilo moja ya maji, ndo ile namba ya 35 ppt unayoisoma kwenye vipimo, na lita moja inabeba kama gramu 36. Tangi wazi la lita 100 kwenye joto letu linaweza kupoteza lita 2 kwa siku, na kinachoondoka ni maji matupu, chumvi yote inabaki. Ukirudishia lita 2 za maji ya bahari umeongeza gramu 72 za chumvi juu ya ile iliyokuwepo, yani kiwango kinapanda kama 0.7 kila siku. Siku saba kutoka 35 uko karibu na 40. Wiki mbili uko 45 na hakuna tumbawe litakalokusubiri hapo.

Kwaiyo cha kwanza kabisa, kabla ya kununua chochote: maji yaliyokauka yanarudishwa kwa maji baridi, yasiyo na chumvi. Maji ya chumvi yanaingia tu pale ulipotoa maji ya chumvi, mfano siku ya kubadilisha maji.

Namba ya kulenga

Lenga 35 ppt. Kwenye vipimo vingine hiyo inasomeka 1.026, yani uzito wa maji hayo ukilinganisha na maji matupu, yakiwa na joto la nyuzi 25. Kati ya 34 na 36 usijisumbue, viumbe wako sawa. Tangi la samaki watupu linavumilia hata 1.021 na wapo wanaofanya hivo kubana matumizi ya chumvi, ila ukishaweka matumbawe, konokono, kamba au kiti cha pweza huo mchezo acha.

Sababu iko kwenye miili yao. Samaki wa baharini anakunywa maji ya bahari na chumvi ya ziada anaitoa kwa matamvua, ana namna yake ya kujipanga maji ya nje yakibadilika kidogo. Kiti cha pweza, jongoo bahari, fukulile na wenzao hawana huo uwezo, mwili wao ndani uko sawa na maji ya nje, kwaiyo maji yakibadilika ghafla chembe za mwili wake zinavimba au zinasinyaa hapo hapo. Ndo maana unaweza kukuta samaki anaogelea raha mustarehe na kiti cha pweza kinayeyuka kama sabuni kwenye tangi hilo hilo. Usimtumie samaki kama kipimo chako.

Na jambo ambalo watu wanalidharau, tangi linalokaa 34 mwaka mzima ni zuri kuliko tangi linalogusa 35 leo, 37 kesho kutwa na 33 wikiendi. Viumbe wanazoea namba. Kuyumba ndo wasikokuzoea.

Kupima, na kwa nini kipimo chako kinaweza kukudanganya

Kuna vipimo vya aina nne ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvipata. Haidromita, yani kipimo cha uzito wa maji, ile ya plastiki yenye mshale ni ya bei rahisi, shida yake mapovu yanaganda kwenye mshale yanaunyanyua, unasoma chumvi nyingi kuliko iliyopo, na ukiiacha bila kuiosha chumvi inajenga ukoko inakuwa na uzito mwingine. Ukiwa nayo hiyo tu basi igonge gonge mapovu yatoke, soma mara tatu, alafu isuuze kwa maji baridi kila ukimaliza.

Haidromita ya kioo inayoelea ni nzuri sana ila ina kitu kimoja kinachotuhusu sisi wa kusini kuliko watu wa Ulaya: joto. Kipimo kimetengenezwa kisome sawa kwenye nyuzi fulani, mara nyingi 25, imeandikwa humo humo kwenye karatasi ya ndani. Maji ya moto ni mepesi. Tangi langu mwezi wa kwanza na wa pili linafika nyuzi 29 au 30, na hapo maji yaleyale yenye chumvi sahihi yanasoma pungufu kwa kama 0.0015. Mtu anaona 1.0245, anasema chumvi imeshuka, anaongeza chumvi, kumbe alikuwa yuko sawa. Chota maji kwenye glasi, yaache yapoe mpaka nyuzi iliyoandikwa, ndo usome.

Rifraktomita, kifaa kinachosoma chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, ndo ninayoitumia. Unadondosha matone mawili kwenye kioo chake, unafunika kifuniko bila kuacha povu, unasubiri kama nusu dakika maji yalingane na joto la kifaa, unatazama kuelekea kwenye mwanga, unasoma mstari unaotenganisha bluu na nyeupe. Rahisi. Sasa watu wengi wanairekebisha kwa maji baridi tu, wanazungusha kile kiskrubu mpaka mstari ukae kwenye sifuri wanaona wamemaliza. Haitoshi, kwa sababu rifraktomita nyingi za bei nafuu skeli yake imechorwa kwa maji yenye chumvi ya kawaida ya kula, na maji ya bahari yana magnesiamu, kalsiamu, salfeti na vingine, mwanga unapinda tofauti kidogo. Sifuri inaweza kuwa sawa na 35 ikawa na kosa. Irekebishe kwa maji ya kupimia yenye 35.

Maji hayo yanauzwa, ila huku kwetu kuyasubiri ni shughuli, na unaweza kuyatengeneza mwenyewe. Chukua gramu 36.5 za chumvi laini nyeupe ya dukani, ikavu, changanya na gramu 963.5 za maji safi kabisa, maji yasiyo na madini, ipate kilo moja kamili. Maji hayo yanapindisha mwanga sawasawa na maji ya bahari ya 35, kwaiyo rifraktomita ikiyaona lazima isome 35, isiposoma zungusha kiskrubu mpaka isome. Mizani ya jikoni inayoruka gramu moja moja haifai kwa hili, tafuta ile midogo ya kupimia dhahabu, au nenda kwa sonara umuombe kwa heshima akupimie chumvi tu, maji utapima nyumbani. Weka kwenye chupa inayofunga vizuri, maana ukiacha wazi yale maji nayo yatakauka na yatakuwa yanakudanganya kama yale ya tangini. Na angalizo, hesabu hii ni ya rifraktomita, usiitumie kurekebisha haidromita wala kipimo cha umeme.

Kipimo cha umeme, kile cha kalamu, ni kizuri kama utakitunza na kukirekebisha kwa maji yake maalum, maji ya bahari ya 35 yanasoma 53 kwenye skeli ya milisimensi. Kuna jamaa yangu Lindi anacho, hakuwahi kukirekebisha tangu akinunue, alikuja kugundua amekaa kwenye 39 miezi mizima huku kifaa kinamwambia 35. Kifaa kilikuwa ghali kuliko tangi lenyewe.

Mi narekebisha rifraktomita kila mwanzo wa mwezi na napima tangi mara mbili kwa wiki, asubuhi kabla sijaongeza maji.

Maji baridi utayatoa wapi

Hapa ndo pana kazi kweli, kwa sababu kila lita unayorudishia inaleta kila kilichomo ndani yake, alafu inakauka, kile kilichomo kinabaki. Ni shamba la chumvi lilelile, safari hii la uchafu.

Maji ya kisima mitaa ya karibu na bahari hapa Mtwara mara nyingi yana chumvi chumvi yenyewe, ukiyaweka unafanya kosa langu lile la kwanza kwa kipimo kidogo. Maji ya bomba yana klorini, ukiyaacha kwenye ndoo wazi na pampu ya hewa kwa siku nzima klorini inaondoka, ila nitreti, fosfeti na madini mengine hayaondoki na baada ya miezi mawe yote yanavaa mwani wa kijani kama nywele. Yanaokoa siku ya dharura, sio ya kutegemea.

Yanayofaa ni maji yaliyochujwa kwa RO, ule mtambo unaosukuma maji kwenye utando unaozuia chumvi na madini. Siku hizi kuna sehemu wanauza maji ya kujaza madumu, ila uliza kama wanarudishia madini baada ya kuchuja, maana ya kunywa wengi wanarudishia ili yawe na ladha. Usikisie, nunua kile kikalamu cha TDS kinachosoma vitu vilivyoyeyuka majini, chovya, ukiona namba iko karibu na sifuri chukua, ukiona 80 au 100 asante kwaheri.

Maji ya mvua nayatumia msimu ukiwepo, na kwetu mvua zinaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili na kidogo ya Mei, kwaiyo nusu mwaka tu. Masharti yake: mvua za mwanzo zote acha ziende. Sisi tuko kwenye mikorosho, kuanzia katikati ya mwaka watu wanapuliza salfa na dawa nyingine mashambani, vumbi lake linasafiri na upepo linalala juu ya mabati. Subiri mvua kubwa kama tatu nne zioshe paa, alafu ndani ya mvua yenyewe acha dakika ishirini za kwanza zipite ndo uweke chombo. Ukiweza kinga uwanjani kwa turubai safi badala ya bati, ni bora zaidi. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi nayo mtu anaweza kuyaona masafi na kweli hayana chumvi, ila yamepita kwenye mabomba ya shaba, na shaba kidogo tu inaua konokono, kamba na matumbawe. Yaache.

Kuongeza bila kuyumbisha

Washa pampu zote, subiri maji yatulie, bandika utepe au piga mstari wa kalamu ya maki kwenye kioo. Kama una tangi la chini, yani sampu, alama piga kwenye kile chumba chenye pampu ya kurudisha, maana hapo ndo kushuka kunaonekana, tangi la juu halishuki. Pampu zikizimwa maji yanarudi chini na alama inakuwa haina maana, kwaiyo umeme ukiwa umekatika usiongeze kitu kwa kuangalia mstari.

Ongeza kidogo kidogo. Lita 2 asubuhi na jioni nusu nusu ni bora kuliko lita 10 Jumamosi. Mimina sehemu yenye mkondo mkali, usimwagie juu ya tumbawe.

Kama unataka ijiongeze yenyewe sio lazima ununue mashine. Seti mpya ya dripu ya duka la dawa, ile yenye kigurudumu cha kubania, unaning'iniza chombo juu, unahesabu matone. Seti nyingi matone 20 ni mililita moja, imeandikwa kwenye pakiti, kwaiyo tone moja kila sekunde inakupa kama lita 4 kwa siku, tone moja kila sekunde mbili ni kama lita 2, unarekebisha mpaka ilingane na kinachokauka. Boya dogo kama la tangi la choo linafanya kazi pia, nimeliona kwa fundi mmoja limefungwa vizuri sana. Ila boya hukwama na dripu huachia, na siku hiyo maji baridi yote yataingia tangini wewe umelala. Kinga yake ni ndogo tu: usiweke chombo kikubwa. Kwenye tangi la lita 100 mi naweka lita 5, zikimwagika zote chumvi inashuka kutoka 35 mpaka 33 na kidogo, tutaumia lakini tutapona. Ungeweka ndoo ya lita 20 ingeshuka mpaka 29.

Feni tunazipenda kwa sababu zinapoza maji, inashusha nyuzi mbili hata tatu, na miezi ya joto bila feni matumbawe yanapauka. Lakini feni inapoza kwa kukausha, kwaiyo siku ukiwasha feni ujue kiasi cha kurudishia kinaweza kuongezeka mara mbili. Kipindi cha kusi nako, upepo mkavu, madirisha wazi, maji yanakauka kuliko unavyotegemea hata kama hakuna joto. Kipindi cha mvua hewa ina unyevu, yanakauka kidogo. Usikariri lita, angalia mstari.

Kuna na upande wa kushuka ambao watu hawautegemei. Skima, kile kifaa kinachonasa uchafu kwa mapovu, inapotoa ule uchafu mweusi inatoa na maji ya chumvi, ile chumvi nyeupe inayojijenga kwenye mfuniko na waya nayo imetoka tangini, kukamua chujio, kuhamisha tumbawe, yote hayo yanachukua chumvi na wewe unarudishia maji baridi mpaka mstari. Kila lita moja ya namna hiyo kwenye lita 100 inakushusha 0.35. Mwezi mzima unaweza kukuta uko 33 na hujui imetokaje.

Kurekebisha

Kwanza pima mara ya pili, na urekebishe kipimo kabla hujagusa maji. Alafu ujue lita zako za kweli: urefu mara upana mara kina cha maji kwa sentimita, gawanya kwa 1000, toa nafasi ya mawe na mchanga, tangi la lita 120 la dukani mara nyingi lina maji 95 hivi.

Imepanda? Toa maji ya tangi, weka maji baridi kiasi kilekile. Lita za kutoa ni lita zote mara tofauti, gawanya kwa namba ya sasa. Mfano lita 100, uko 38 unataka 35, ni 100 mara 3 gawanya 38, inakuja karibu lita 8. Hizo lita 8 usizifanye leo zote. Gawanya kwa siku tatu au nne, isishuke zaidi ya 1 kwa siku. Najua roho inauma ukiona namba mbaya unataka iondoke usiku huohuo, ila kama ilipanda kwa wiki mbili viumbe wameshajipanga nayo, kuwashusha kwa saa moja ni pigo jipya.

Imeshuka? Hapa lile kosa langu la Shangani linageuka dawa. Badala ya kurudishia maji baridi, rudishia maji ya chumvi ya 35 kwa siku kadhaa. Kwa hesabu ileile itapanda 0.7 kwa siku, kutoka 32 utafika 35 ndani ya siku nne tano, mwendo mzuri kabisa. Chumvi kavu usimwage tangini hata kijiko, punje inayolalia tumbawe inaliunguza.

Na kabla hujanunua chupa za kalsiamu kwa sababu vipimo vimesoma chini, angalia chumvi. Maji ya 35 yana kalsiamu kama 410 mpaka 420, ukiwa 32 yatasoma kama 380 kwa sababu kila kitu kimepunguzwa pamoja. Rudisha chumvi, kalsiamu itarudi nayo.

Maji mapya ya chumvi: ya bahari au ya kuchanganya

Sisi tuna bahati ya kuwa na bahari, ila sio kila maji ya bahari ni 35. Lindi mto Lukuledi unamwaga ndani ya ghuba, kipindi cha mvua maji ya pale karibu na mji yana chumvi pungufu na tope juu. Upande wa Msimbati ukisogea kuelekea mdomo wa Ruvuma nako hivyohivyo. Vijito vya mikoko na bandarini sichoti kabisa. Nachota kiangazi, bamvua, maji yakiwa yanajaa karibu kufika mwisho maana hapo yanayoingia ni ya bahari kuu, na kama kuna mvuvi ananipa lifti ya mtumbwi nachota upande wa nje wa Msangamkuu, dumu linazamishwa chini sio kukinga ya juu juu. Pima kila dumu. Nyumbani nachuja kwa kanga kuukuu iliyofuliwa bila sabuni, naweka kwenye jaba lenye mfuniko gizani na pampu ya hewa. Baada ya mvua kubwa nasubiri wiki mbili.

Mei 2024 baada ya Kimbunga Hidaya bahari ilikuwa haichoteki, na barabara ya kutoka Dar ilikatika upande wa Somanga, chumvi ya akwariamu haikuweza kuja kwa basi. Tangu hapo naweka akiba ya ndoo moja ambayo siigusi.

Chumvi ya mashamba yetu msiiweke, nimeulizwa hili mara nyingi. Sio mbovu, ni ya kula. Lakini maji ya bahari yakikaushwa vitu havigandi pamoja, chokaa na jasi vinatangulia kuganda, chumvi ya kula inafuata, na magnesiamu na potasiamu vinabaki kwenye yale maji machungu ya mwisho ambayo yanamwagwa. Ulichobaki nacho ni kipande kimoja cha bahari. Matumbawe yanajenga mifupa kwa kalsiamu, utawanyima.

Chumvi ya akwariamu changanya kama gramu 36 mpaka 38 kwa lita, maji kwanza chumvi baadae, pampu izunguke usiku kucha, kesho yake pima ndo uongeze au upunguze. Hewa yetu ya pwani inailowesha chumvi ndani ya mfuko ikiachwa wazi, inakuwa na uzito wa maji, kwaiyo usiamini mizani pekee, amini rifraktomita. Joto la maji mapya lilingane na la tangi.

Matumbawe na viumbe nunua kwa waliovikuza au wenye kibali. Usiende kung'oa mwambani. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma ipo tangu 2000 na bila kibali huruhusiwi kuchukua kitu humo, na miamba yetu imeshapigwa mabomu na kuchomwa chokaa vya kutosha, nje ya hifadhi pia tuiache ipumue.

Mgeni akifika na basi

Pima maji ya mfuko wake kabla ya kitu kingine. Wauzaji wengi wanaweka samaki kwenye 1.020 hivi, na samaki kupandishwa haraka ni kubaya kuliko kushushwa. Wengi tunaambiwa tumdondoshee maji ya tangi kwa matone saa mbili tatu, na kwa safari fupi ni sawa, seti ileile ya dripu. Lakini aliyesafiri usiku mzima kutoka Dar amejaza amonia, taka ya mwili wake, kwenye mfuko, na hewa chafu aliyoitoa imeyafanya maji yawe na asidi, hiyo asidi ndo inaipunguza makali amonia. Ukifungua mfuko hewa ile inatoka, amonia inakuwa sumu humo humo huku wewe unahesabu matone. Mi namwambia muuzaji anitumie namba ya chumvi kabla, naandaa ndoo pembeni yenye namba hiyohiyo na mawe ya hewa, naulaza mfuko juu ya ndoo dakika kumi na tano joto lilingane, namhamisha bila maji yake, alafu kwenye ndoo naipandisha kidogo kidogo kwa siku mbili tatu mpaka ifike ya tangi.

Ukisafiri

Usimwachie mtu maelezo ya "ukiona yamepungua ongeza". Dada yangu nilimwachia hivyo mara moja na kwa moyo mzuri aliongeza kila alipopita. Sasa hivi najaza chupa za lita moja na nusu, maji baridi, idadi ya siku nitakazokuwa sipo, kila moja nimeibandika siku yake, Jumatatu, Jumanne, mpaka narudi. Anamimina moja jioni basi, hata kama haoni mstari umeshuka. Na jaba la maji ya chumvi nalifunga kwa mpira naliandika USIGUSE kwa maki, maana kwa macho yale maji mawili hayana tofauti.